Milango ya Maabara: Historia ya Siku ya Utafiti katika Idara za Biolojia ya Mifumo

Katika idara nyingi za vyuo vikuu zinazoshughulikia biolojia ya mifumo, yaani tawi la sayansi linalochunguza namna sehemu za kiumbe hai zinavyoshirikiana hadi kuzaa tabia ambayo hakuna sehemu moja iliyo nayo peke yake, imejengeka desturi ya kutenga siku moja katika mwaka ambayo kazi za kawaida husimama, milango ya maabara hufunguliwa, na watafiti wa ngazi zote, kuanzia mwanafunzi wa shahada ya kwanza hadi profesa mkongwe, hueleza kazi zao mbele ya wenzao na mbele ya wageni. Siku hiyo huwa na mihadhara mifupi, mabango yaliyobandikwa kwenye mbao, ziara za vyumba vya hadubini na mazungumzo marefu ya watu waliosimama wima, na kwa mgeni anayeiona kwa mara ya kwanza huweza kufanana na sherehe tu ya kumaliza mwaka wa masomo.

Makala haya yanafuatilia asili ya desturi hiyo katika mikondo miwili ya historia. Mkondo wa kwanza ni wa kale, nao ni ule wa kufanya jaribio hadharani ili ukweli wake ushuhudiwe na watu wengi. Mkondo wa pili ni wa karibuni zaidi, nao ni fikra kwamba mwili hauwezi kueleweka wote kwa kuvunjwa vipande na kuchunguzwa kipande kimoja kimoja. Mikondo hii ilipokutana mwanzoni mwa karne ya 21, kufungua milango kuliacha kuwa ukarimu wa msimu tu na kukawa hitaji la kazi yenyewe, kwa sababu elimu iliyotawanyika katika vichwa vya wanafizikia, wanahisabati, madaktari na wanabiolojia haiwezi kukusanyika mahali ambapo kila mmoja amejifungia chumbani mwake.

Kuonyesha kama njia ya kuthibitisha

Tarehe 28 Novemba 1660, wasomi kadhaa waliokuwa wamesikiliza mhadhara wa Christopher Wren katika Chuo cha Gresham, jijini London, waliamua kuunda jumuiya ya kuendeleza elimu kwa njia ya majaribio, nayo ndiyo iliyokuja kujulikana kama Royal Society. Kaulimbiu ambayo jumuiya hiyo ilijichagulia kwa Kilatini inaagiza kwamba mtu asikubali jambo kwa sababu tu fulani amelisema, na agizo hilo lilitekelezwa kwa vitendo: mwaka 1662 Robert Hooke aliteuliwa kuwa msimamizi wa majaribio, wadhifa uliomtaka aandae majaribio ya kuonyeshwa katika mikutano ya jumuiya, ili wanachama wayaone kwa macho yao kabla ya kuyakubali. Mwaka 1665 Hooke alichapisha Micrographia, kitabu chenye michoro mikubwa ya vitu alivyovitazama kwa hadubini, ambamo alieleza kwamba gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa lina vijumba vidogo vingi visivyoonekana kwa macho matupu, na jina alilovipa vijumba hivyo ndilo lililozaa neno seli. Neno hilo, ambalo leo ni nguzo ya biolojia yote, liliwafikia watu kupitia mchoro uliochapishwa ili wengi waone kile ambacho mmoja alikuwa amekiona.

Hata hivyo mashahidi wa karne ya 17 walikuwa wachache, wote wanaume, na wengi wao watu wenye mali au cheo. Mzunguko huo ulipanuka baada ya kuanzishwa kwa Royal Institution mwaka 1799, ambako Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyejielimisha akiwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, alianzisha katika miaka ya 1820 mihadhara ya Ijumaa jioni kwa ajili ya wanachama na wageni wao, na pia mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana, ambayo ilianza mwaka 1825 na ingali inaendelea. Mfululizo wake mashuhuri kuliko yote ulihusu mshumaa: kutokana na mwali mmoja mdogo, Faraday aliwaongoza wasikilizaji hadi kwenye hewa, maji, kaboni na hatimaye pumzi ya mwanadamu, akiwaonyesha kwamba kuungua kwa mshumaa na kupumua kwa mwili ni mambo yenye udugu wa karibu. Mihadhara hiyo ilithibitisha kwamba umma unaweza kufuata hoja nzito ikiwa hoja hiyo imeshikwa mkononi na kuwekwa mezani, lakini ilibakiza mpangilio mmoja wa kale, kwamba mmoja husema na wengine hukaa kimya wakitazama.

Mwili kama kitu kimoja

Mkondo wa pili ulianzia katika fiziolojia, elimu ya namna mwili unavyofanya kazi. Mwaka 1865 daktari Mfaransa Claude Bernard alichapisha kitabu kuhusu tiba ya majaribio, naye katika maandishi yake alijenga fikra ya mazingira ya ndani, yaani majimaji yanayozunguka seli zote za mwili, ambayo hali yake hudumishwa hata pale hali ya nje inapobadilika. Mmarekani Walter Cannon aliiendeleza fikra hiyo, akaipa mwaka 1926 jina la homeostasisi, maana yake ni ule urari unaolindwa wakati wote, kama vile joto la damu linavyobaki karibu palepale mtu akiwa juani au akiwa kwenye baridi, kisha mwaka 1932 akaieleza kwa wasomaji wa kawaida katika kitabu kuhusu hekima ya mwili. Mwaka 1948 mwanahisabati Norbert Wiener alionyesha kwamba urari wa aina hiyo na mitambo inayojiongoza hufuata kanuni moja ya mrejesho, ambapo matokeo ya kazi hurudi kuiongoza kazi hiyo hiyo, huku Ludwig von Bertalanffy, aliyeanza kazi yake Vienna, akitafuta nadharia ya jumla ambayo ingeeleza mifumo ya kila namna.

Fikra hizo zingebaki falsafa lau zisingepata hisabati inayopimika, nayo ilipatikana kwenye neva ya ngisi. Alan Hodgkin na Andrew Huxley, wakifanya majaribio yao katika maabara ya viumbe wa baharini huko Plymouth, walitumia uzi wa neva wa ngisi ambao unene wake huweza kufikia milimita 1, ukubwa unaotosha kuingiza waya ndani yake na kupima umeme unaopita, na mwaka 1952 wakachapisha milinganyo inayoeleza jinsi chembe zenye chaji za sodiamu na potasiamu zinavyoingia na kutoka hadi kuzaa mshituko unaosafiri kwenye neva. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo wakati wa kutatua milinganyo hiyo, kwa hiyo Huxley aliikokotoa kwa mashine ya mkono iitwayo Brunsviga, akizungusha mpini wake hatua baada ya hatua kwa muda wa wiki tatu hivi, hadi umbo la mshituko uliokokotolewa likalingana na lile lililopimwa katika ngisi.

Miaka minane baadaye Denis Noble, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu jijini London, aliirekebisha milinganyo hiyo ili ieleze pigo la moyo. Alikuwa amekubaliwa kutumia kompyuta ya chuo kikuu kati ya saa nane na saa kumi usiku, muda ambao hakuna mwingine aliyeihitaji, kisha mchana alirudi kwenye majaribio ya misuli ya moyo, na modeli aliyoichapisha mwaka 1960 ilionyesha kwamba mdundo wa moyo hautoki katika molekuli yoyote inayodunda yenyewe: hutokana na mzunguko wa mrejesho kati ya umeme wa seli nzima na milango midogo ya protini iliyo katika utando wake, ambapo umeme huifungua na kuifunga milango, na milango nayo huubadilisha umeme. Kazi hiyo ya usiku wa manane inahesabiwa miongoni mwa mizizi ya biolojia ya mifumo, na ndani yake tayari lipo lile hitaji ambalo baadaye lingezaa siku za utafiti, kwa kuwa mtu mmoja alilazimika kuwa mwanabiolojia mchana na mwanahisabati usiku, jambo ambalo wachache wanaliweza na hakuna taaluma inayoweza kulitegemea.

Hitaji hilo lilikuwa limekwisha kutambuliwa mahali pengine. Mwaka 1933 Reginald Harris, mkurugenzi wa maabara ya Cold Spring Harbor katika jimbo la New York, alianzisha makongamano ya kila mwaka ya biolojia ya vipimo na hesabu, akiwaalika wanafizikia, wanakemia na wanahisabati kukaa pamoja na wanabiolojia kwa wiki kadhaa za kiangazi, wakila pamoja na kufanya kazi pamoja. Wazo lake lilikuwa kwamba mhadhara wa saa moja hautoshi kumfanya mwanafizikia aelewe tatizo la mwanabiolojia, na kwamba maelewano huja baada ya maswali ya kurudiarudia ambayo watu huyauliza wakiwa wametulia.

Miaka ya jenomu na kuzaliwa kwa idara

Kwa muda wa nusu karne hivi, mkondo wa kutazama mwili mzima ulifunikwa na mafanikio makubwa ya njia iliyo kinyume chake. Baada ya umbo la DNA kutambuliwa mwaka 1953, biolojia ya molekuli iliendelea kwa kutenga jeni moja na kuuliza kazi yake, ingawa hata ndani ya njia hiyo kulikuwa na ishara za mifumo: mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod, jijini Paris, walieleza jinsi bakteria wanavyowasha na kuzima jeni za kumeng'enya sukari ya maziwa kulingana na chakula kilichopo, yaani jeni moja huweza kuiamrisha nyingine kama swichi inavyoiamrisha taa. Mwaka 1966 Mihajlo Mesarović aliitisha huko Cleveland mkutano uliokutanisha nadharia ya mifumo na biolojia, lakini takwimu za kulisha nadharia hiyo zilikuwa bado hazijapatikana.

Zilipatikana kupitia mradi wa kimataifa wa jenomu ya binadamu, ulioanza mwaka 1990 na kutangazwa kukamilika mwaka 2003. Jenomu ni jumla ya maelekezo yote ya urithi yaliyomo katika seli, na wengi walitarajia kwamba yangekutwa humo majeni yapatayo 100,000, ila hesabu iliyochapishwa mwaka 2004 ilikadiria majeni ya kutengeneza protini kuwa kati ya 20,000 na 25,000. Matokeo hayo yalifundisha unyenyekevu, kwa kuwa idadi hiyo haitofautiani sana na ya mnyoo mdogo wa udongoni ambaye wanabiolojia wamemchunguza kwa miaka mingi, na ilidhihirika kwamba tofauti kati ya mnyoo na mwanadamu haitafutwi katika wingi wa vipuri bali katika jinsi vipuri vinavyounganishwa. Orodha ilikuwa imekamilika, na swali la Bernard na Cannon likarudi mezani likiwa na uzito mpya.

Mwaka 2000 ndio unaoweza kuitwa mwaka wa kuzaliwa upya kwa taaluma hii. Leroy Hood, ambaye katika miaka ya 1980 aliongoza utengenezaji wa mashine ya kusoma DNA, aliungana na Alan Aderem na Ruedi Aebersold kuanzisha huko Seattle taasisi ya kwanza iliyobeba jina la biolojia ya mifumo; Hiroaki Kitano aliandaa jijini Tokyo mkutano wa kwanza wa kimataifa wa taaluma hiyo; na katika toleo moja la jarida la Nature la Januari ya mwaka huo yalichapishwa mafanikio mawili ya kujenga saketi za jeni ndani ya bakteria, moja ikiwa swichi yenye kumbukumbu na nyingine ikiwa saa inayowasha na kuzima mwanga. Mwaka 2003 Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha idara ya biolojia ya mifumo chini ya Marc Kirschner, na vyuo vingine vya Marekani, Ulaya na Asia vikafuata vikiwa na idara, taasisi au vituo vya namna hiyo.

Idara hizi zilikuwa na sura ambayo idara za zamani hazikuwa nayo. Idara ya kemia huwa na wanakemia, ambao wamesoma vitabu vilevile na hutumia maneno yaleyale, lakini ndani ya idara ya biolojia ya mifumo mtu aliyesomea fizikia ya nadharia huketi jirani na daktari wa saratani, na wote wawili hutumia neno modeli, ambapo kwa mmoja lina maana ya seti ya milinganyo na kwa mwingine lina maana ya panya wa majaribio aliyepewa ugonjwa unaofanana na wa binadamu. Neno kelele nalo, ambalo kwa mwanabiolojia wa zamani lilikuwa kosa la kipimo linalopaswa kuondolewa, kwa mwanafizikia ni tabia ya kweli ya seli inayostahili kupimwa, kwa sababu molekuli zilizo chache hukutana kwa bahati. Watu wa namna hii wanaweza kuishi katika jengo moja kwa miaka mingi bila kujua kwamba wanachunguza jambo moja, na siku ya utafiti ilipata nafasi yake ya kudumu kwa sababu ndiyo iliyowalazimisha kulisema jambo lao kwa lugha ambayo jirani anaielewa. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na katika taaluma hii neno lao ni maelezo kamili ya utaratibu wa kazi.

Bango na mazungumzo ya kusimama

Chombo kikuu cha siku hiyo ni bango la utafiti, karatasi pana inayobeba swali, njia, picha na matokeo ya kazi moja, na historia yake ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Mikutano ya kisayansi ya Ulaya ilianza kutumia mabango mwishoni mwa miaka ya 1960, na Marekani yaliingia rasmi katika mkutano wa wanabiokemia uliofanyika Minneapolis mwaka 1974, kwa sababu watafiti walikuwa wameongezeka kupita saa zilizokuwepo na haikuwezekana tena kumpa kila mmoja jukwaa. Kilichoanza kama dawa ya ukosefu wa nafasi kilileta mabadiliko makubwa katika adabu ya sayansi, kwa maana mhadhara humpa msemaji dakika chache na kumwacha msikilizaji bila la kufanya, ilhali bango humsimamisha mtafiti mbele ya kazi yake kwa saa moja au mbili, akiulizwa na yeyote apitaye, mara nyingi akiulizwa swali lilelile na watu watano wenye taaluma tano tofauti.

Faida kubwa ya mpangilio huo huonekana kwa wanafunzi. Mwanafunzi wa uzamivu ambaye hajawahi kupanda jukwaani huweza kukutana bangoni na mwandishi wa kitabu anachokitumia, wakazungumza kama watu wa kazi moja, na profesa huweza kuuliza swali la msingi kabisa kuhusu taaluma ambayo si yake bila kuona haya, kwa kuwa wanaosikia ni wachache. Kwa hiyo ule mpangilio wa ukumbi wa Faraday, wa mmoja kusema na wengi kunyamaza, uligeuzwa, na yule shahidi wa karne ya 17 aliyekuja kuona jaribio kabla ya kuliamini akarudi akiwa na sura mpya, mara hii bila kuulizwa cheo wala mali.

Yanayoonyeshwa

Thamani ya kuonyesha inaeleweka vizuri zaidi kwa mifano miwili iliyotoka katika taaluma yenyewe. Mfano wa kwanza unahusu protini iitwayo p53, mlinzi wa seli ambaye huamka DNA inapoharibika na kuamua ama seli isimame irekebishwe ama ife isije ikazaa saratani. Kwa miaka mingi p53 ilipimwa kwa kusaga mamilioni ya seli pamoja, na kipimo kilionyesha wimbi linalopanda kisha kufifia polepole. Mwaka 2004 Galit Lahav, akiwa katika maabara ya Uri Alon kwenye Taasisi ya Weizmann, pamoja na wenzake, waliiunganisha protini hiyo na rangi inayong'aa, wakaziangalia seli moja moja zikiwa hai chini ya hadubini, na ikaonekana kwamba p53 hupiga mapigo: hupanda, hushuka, hupanda tena, na kila pigo lina kimo kinachokaribiana na cha pigo lingine. Uharibifu wa DNA ulipozidi, kilichoongezeka kilikuwa idadi ya mapigo, wakati kimo chake kilibaki palepale. Wastani ulikuwa umeificha tabia hiyo, kama makofi ya ukumbi mzima yanavyoficha mdundo wa mikono ya mtu mmoja, na anayeitazama filamu fupi ya seli hizo zikiwaka na kufifia hulielewa jambo ambalo kurasa kadhaa za takwimu huweza kumpita.

Mfano wa pili ni sahani kubwa ya bakteria iliyotengenezwa na kikundi cha Roy Kishony, kwa kazi iliyoongozwa na Michael Baym katika Kitivo cha Tiba cha Harvard, na kuchapishwa mwaka 2016. Sahani hiyo ina upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 120, imejazwa agari, yaani ule utomvu wa mwani unaogandishwa ili bakteria wastawi juu yake, nayo imetiwa wino mweusi ili weupe wa bakteria uonekane wazi. Agari imegawanywa katika mikanda: ile ya pembeni kabisa haina dawa, inayofuata ina kiasi kidogo cha antibayotiki kinachozidi kidogo uwezo wa bakteria kustahimili, nayo kila mkanda unaoelekea katikati una dawa mara kumi zaidi ya ule wa kabla yake. Bakteria hupandwa pembeni, huenea mpaka kwenye mpaka wa dawa, husimama hapo kama maji yaliyokutana na ukingo, kisha mahali pamoja hutokea kijito cheupe, ambacho ni uzao wa bakteria mmoja aliyebadilika kijeni, nacho huvuka na kutanuka kama feni ya mkono hadi kwenye mpaka unaofuata. Kwa siku 12 hivi uzao huo hufika katikati, mahali penye dawa kali kuliko zote.

Wazo la sahani hiyo, kama watafiti wenyewe walivyoeleza, lilichochewa na bango la kutangaza sinema ya mwaka 2011 iitwayo Contagion, na tangu ilipoonyeshwa imekuwa chombo cha kufundishia mageuzi ya viumbe duniani kote. Hata hivyo ilileta pia maarifa mapya: baadhi ya bakteria waliokuwa na ustahimilivu mkubwa zaidi hawakusonga mbele, kwa sababu walizaliwa nyuma ya mstari na kuzibiwa njia na ndugu zao dhaifu waliotangulia, jambo ambalo lisingeonekana katika chupa inayotikiswa ambamo bakteria wote huchanganyika. Hapa kuonyesha na kugundua vilikuwa kitendo kimoja, na usugu wa dawa, ambao katika zahanati hujulikana tu kwa mgonjwa asiyepona, ulipata sura ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuifuata kwa kidole.

Umma mlangoni

Sehemu ya mwisho ya historia hii inahusu wageni wanaotoka nje ya chuo. Mwaka 1985 Royal Society ilitoa ripoti, iliyoandaliwa chini ya Walter Bodmer, iliyosisitiza kwamba kila mwanasayansi ana wajibu wa kueleza kazi yake kwa umma. Edinburgh ilianza tamasha lake la sayansi mwaka 1989. Na kuanzia mwaka 2005 Umoja wa Ulaya umekuwa ukigharimia usiku wa watafiti, ambapo maabara za miji mingi huwa wazi kwa wakati mmoja. Mwaka 2000 kamati ya Baraza la Malodi la Uingereza ilikwenda hatua moja mbele, ikasema kwamba kuuelimisha umma hakutoshi na kwamba umma unapaswa kusikilizwa, kwa kuwa imani kwa sayansi ilikuwa imeyumba baada ya migogoro kama ule wa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulielewa hilo. Uvumi wa mumiani, kwamba wako watu wanaonyonya damu ya binadamu ili itengenezewe dawa, ulienea pwani na bara katika enzi ya ukoloni, na katika sehemu kadhaa waliotuhumiwa walikuwa wazimamoto na watumishi wa afya. Ulikuwa uvumi wa uongo, lakini ulibeba malalamiko ya kweli ya watu ambao miili yao ilichunguzwa na kuamuliwa bila wao kuulizwa. Kituo cha utafiti wa tiba cha Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti ya Kenya, KEMRI, na mfuko wa Wellcome, kinaishi ndani ya kumbukumbu hiyo, kwa sababu utafiti wa malaria hauwezi kufanyika bila tone la damu ya mtoto. Kituo hicho kimejenga utaratibu wa kukutana na wawakilishi wa vijiji na kuwakaribisha wanafunzi wa sekondari maabarani, ambako mtu huona damu inakwenda wapi, inapimwa kwa kiasi gani na kwa sababu gani. Mzazi aliyetazama kwa hadubini kimelea cha malaria ndani ya chembe ya damu ana hoja yake mwenyewe ya kutoa au kukataa ridhaa, na ridhaa ya namna hiyo ndiyo pekee yenye heshima.

Upo pia mlango ambao haufungwi siku inapokwisha. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii wataalamu walikubaliana kuhusu lugha moja ya kuandikia modeli za kibiolojia, iitwayo kwa kifupi SBML, ili modeli iliyojengwa kwa programu moja isomwe na nyingine, na mwaka 2005 ilifunguliwa Hinxton, karibu na Cambridge, hazina ya wazi iitwayo BioModels, ambamo yeyote huweza kuchukua milinganyo iliyochapishwa, kuiendesha na kuihakiki. Milinganyo ya Hodgkin na Huxley na ya Noble imekuwa mali ya wote kwa njia hiyo, na mwanafunzi wa Dodoma au wa Maseno mwenye kompyuta ya kawaida anaweza leo kupata kwa muda usiofika sekunde moja jibu ambalo Huxley alilizungushia mpini kwa wiki tatu.

Jibu hilo linapotokea kwenye kioo, mwanafunzi huyo atataka kujua kwa nini mshituko una umbo hilo, nini kingetokea kama milango ya sodiamu ingechelewa, na ni nani aliyewahi kulijaribu jambo hilo katika neva halisi, nayo maswali hayo faili la milinganyo haliyajibu. Yanahitaji mtu aliyesimama mbele ya kazi yake, aliye tayari kuulizwa na mgeni asiyemjua na kukiri pale alipokwama, na ni kwa ajili ya mazungumzo hayo ambapo idara hufagia vyumba vyake, hubandika mabango yake na kuiacha milango yake wazi kutwa nzima.